Alice Hakutuudhi kwa Kuua

Nyumbani kwetu Migosi, Kisumu, tulianza kumpenda Alice Morgan wa tamthilia ya Kiingereza ya Luther usiku ule ule wa kwanza, na tayari alikuwa ameshawaua wazazi wake wote wawili na mbwa wao juu.

Aliyetuletea Luther ni shemeji. Kijana wa duka la muvi pale Kondele alimjazia misimu yote mitano kwenye flashi, naye akaingia nayo Ijumaa jioni kama mtu aliyebeba samaki mbuta wa kilo kumi. Kwa ambaye hajaitazama: John Luther ni mpelelezi wa London, anaigizwa na Idris Elba, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone na mama yake Ghana, kwa hiyo sebuleni kwetu alihesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Katika kipindi cha kwanza, 2010, anamhoji Alice kama mfiwa. Mwanasayansi, kichwa chepesi tangu utotoni, majibu yake yote yamenyooka. Luther anapiga miayo kusudi. Miayo huambukiza, hata wewe unayesoma labda kinywa kimeanza kukuwasha. Alice hapigi. Kwa hesabu ya Luther, asiyeguswa na wenzake haambukizwi miayo. Basi hapo Luther anajua muuaji ni nani, na Alice anajua kwamba Luther anajua, ila ushahidi hakuna. Bastola aliificha ndani ya mzoga wa mbwa, na mbwa kachomwa moto.

Tangu hapo kila alichofanya Alice kilikuwa na sababu, hata kama ni sababu ya kishetani. Mwisho wa msimu wa kwanza anamuua Ian Reed, kwa kuwa Reed alimuua Zoe, mke wa Luther, na Luther ndiye binadamu pekee aliyewahi kumwona Alice jinsi alivyo. Huyo Reed naye! Askari mwenzake Luther, rafiki wa miaka. Kwanza tamaa ya almasi, halafu hofu ya kukamatwa, halafu Zoe yuko mbele yake naye kanaswa kama panya. Dada yangu alilia, lakini hakuuliza kwa nini. Ni kama fisi wa hadithi za nyanya kule Siaya: akisikia harufu ya nyama akaacha njia, hakuna mtoto anayeinua mkono kuuliza aliachaje njia.

Msimu wa nne una vipindi viwili tu na habari kwamba Alice amefia Antwerp. Tupite.

Msimu wa tano, Januari 2019, ndio uliotuvunjia heshima. Alice anarudi akiwa hai, ana kisasi na jambazi mmoja, George Cornelius, kwa sababu ya dili la almasi lililoharibika. Sawa. Anamuua mtoto wa Cornelius. Hata hilo sawa, ndiye Alice huyo. Luther anamficha, na hapo ndipo nilipoanza kusogea ukingoni mwa kiti. Benny Silver, yule fundi wa kompyuta asiye na neno na mtu, anauawa kwa ugomvi usiomhusu. Luther analia, kisha anaendelea kunyamaza kuhusu Alice! Bosi wake Schenk anamuuliza, kimya. Catherine Halliday, mpelelezi mgeni aliyepewa amfundishe kazi, anamuuliza, kimya. Mtu mzima, mrefu hivyo, amegeuka bubu ili vipindi vifike vinne.

Halliday anaigizwa na Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Nigeria. Mama alikuwa akimwita "nyathiwa", mtoto wetu, na alikuwa akimwonya kwa sauti kila alipofungua mlango. Alice akampiga risasi akafa. Mama aliinuka akaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa.

Shemeji alimtetea Alice. "Ni wivu tu, shem. Aliona Luther hamchagui, akaamua kumharibia kila anachokipenda." Nilimwambia wivu ni sababu nzuri kabisa, tatizo ni kwamba hakuna aliyetuonyesha ukikua. Alice niliyemjua mimi angemaliza mambo yake kwa hila ambayo ingetuchukua siku mbili kuielewa, na wala asingetumia risasi ya haraka kama mwizi wa pikipiki.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini, kwa hiyo jambo hili linanikera kwa namna yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9(3), inasema kilichomsukuma mtu kutenda hakina uzito katika kupima hatia yake, isipokuwa sheria iwe imetamka vinginevyo. Jaji atakuuliza kama ulikusudia kuua. Kwa nini ulikusudia, unaweza kuondoka nalo hadi gereza la Kodiaga na usimwambie mtu. Mahakama inaweza kuishi bila "kwa nini". Mtazamaji hawezi, maana hana kingine alichokuja kutafuta. Muuaji tumeshamjua tangu dakika ya kumi.

Nina shaka yangu kuhusu kilichotokea. Tamthilia hii ilianza na Luther akimwacha Henry Madsen, muuaji wa watoto, aanguke kutoka juu. Ilimalizika na Luther amemshika Alice mkono juu ya jukwaa la ujenzi, Alice akamchoma kisu mkononi, naye Alice akaanguka. Kuanguka mwanzo, kuanguka mwisho. Picha zinafanana, zinapendeza. Nadhani waandishi waliipenda picha hiyo kwanza, kisha wakawasukuma watu kuelekea kule kama mbuzi wa soko, mmoja kwa kamba, mwingine kwa fimbo. Lakini Luther wa mwanzo alimwacha Madsen kwa kuwa aliamua mwenyewe kwamba haki ni ile, na uamuzi huo ulimla usingizi. Luther wa mwisho hakuamua kitu. Alikuwa amesimama tu mahali alipowekwa.

Ilikuwa kama saa nane usiku Alice alipogonga chini. Mwanamke aliyetukosesha usingizi wiki nzima. Nilimgeukia shemeji nione amepokeaje, nikamkuta anapiga miayo, kinywa wazi mpaka magego. Dada akafuata. Nami nikafuata.