Siku niliyopima kinyago cha baba mkwe

Mi sio msomi wa sanaa jamani, hilo lijulikane mapema. Mi ni dereva wa watalii, wenyewe tunajiita dereva gaidi, jina ambalo ukilitamka mbele ya trafiki inabidi ulifafanue haraka. Kazi yangu ni kuendesha, kuonyesha tembo, na siku ya mwisho kabla ya ndege nawapeleka wageni Mwenge wakanunue vinyago. Na pale Mwenge ndo nilikuwa naumbuka, maana mgeni anashika kinyago ananiuliza hiki kizuri? Kizuri. Na hiki? Nacho kizuri. Mama mmoja akanitazama kwa huruma akasema wewe kwako hakuna kibaya. Habari zikamfika bosi, bosi akanilipia darasa la Jumamosi nne la kuhakiki kazi za sanaa.

Lile darasa nililipenda, kwanza kulikuwa na chai na vitumbua. Mwalimu alikuwa dada mmoja mpole sana mpaka pale unapokosea. Akatufundisha hatua 4, anasema zilipangwa na Mmarekani mmoja anaitwa Edmund Burke Feldman: kwanza unaeleza unachokiona, pili unachanganua kilivyopangwa, tatu unafasiri kina maana gani, halafu mwisho kabisaaa ndo unapima, kizuri au kibovu, na kwa nini. Ukirukia ya mwisho anakugongea meza. Kuna jamaa aliangalia picha ya Tingatinga akasema "kali hiyo", akasimamishwa aeleze kwanza chui ana miguu mingapi. Akasema mitatu. Wa nne ulikuwa umejificha nyuma ya mti, basi tukabishana nusu saa kama mguu usioonekana unahesabiwa au hauhesabiwi.

Alitufundisha pia kwamba kila kazi unaipima kwa ilichokuwa inatafuta. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, anatumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1972, miaka michache tu hiyo lakini mtindo mzima ukabaki na jina lake. Sasa wewe ukija kulalamika twiga wake hafanani na twiga wa Mikumi, utakuwa umechekesha.

Ila Jumamosi ya nne ndo iliyoniharibu. Ilikuwa ya vinyago vya Kimakonde. Nikajua kumbe kuna vya shetani, vile vya macho yamemtoka na viungo vimepinda, na kuna vya ujamaa, watu wamepandana juu ya watu kwenye gogo moja bila kiungo wala gundi. Na nikajua mpingo. Mpingo halisi ni mzito, katikati mweusi, pembeni una mti mweupe mweupe wa njano, na ukiutia kwenye maji unazama kama jiwe. Wa kugushi ni mti laini umepakwa kiwi ya viatu, ukisugua na kitambaa cheupe unajua ukweli. Nikaandika yote. Nikapewa na cheti.

Wiki mbili baadae ikawa Krismasi, tukaenda Morogoro kwa wakwe.

Baba mkwe wangu ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Posa alipeleka mjomba wangu kama mshenga, mi nilitoa hela tu nikakaa Dar nasubiri majibu, nadhani ndo maana hatukuwahi kuzoeana. Miaka 6 ya ndoa mazungumzo yetu ni shikamoo baba, marahaba mkwe, mvua zimenyesha huko, zimenyesha baba, basi, tunahamia kwenye taarifa ya habari. Sasa mle sebuleni juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, kuna kinyago cha ujamaa, urefu kama futi moja na nusu hivi, kila mgeni anakiona. Nilijua ni zawadi ya kustaafu. Sijui nani aliniambia, nadhani nilijiambia mwenyewe.

Tumeshakula pilau, watu wamelegea, yupo baba mdogo, yupo jirani mwalimu mstaafu, mashemeji, watoto chini kwenye mkeka. Mke wangu, mama Ima, akasema tu kwa kujivunia, baba, mkweo siku hizi amesomea sanaa. Mzee akageuka taratibu. Akaninyooshea kidole kabatini. "Haya mkwe, hebu tuambie hicho."

Nikasimama. Nikakishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kikaja juu chepesi kuliko nilivyotegemea, na kichwani kuna kitu kikagonga kidogo, ila mtu ukishashika hadhara huwezi kusikiliza kichwa.

Hatua ya kwanza nikaeleza. Watu 14, nimehesabu. Chini kabisa mzee amepiga magoti, mishipa ya shingo imemtoka. Juu yake mwanamke anatwanga, mwenzie ana mtoto mgongoni, yule mtoto kisigino chake kimeingia kwenye sikio la mtu wa pembeni na yule mtu ametulia tu. Watoto wa kwenye mkeka wakasogea kuangalia kisigino. Hatua ya pili nikachanganua, macho yanapanda kwa kuzunguka kama ngazi, hakuna aliyesimama peke yake, ukimtoa mmoja wote wanakuja chini. Hatua ya tatu, fasiri: "Huyu wa chini ndiye baba. Nyumba yote imekaa mabegani kwake na halalamiki."

Mzee akakaa vizuri kwenye kochi. Miaka 6, sijawahi kuona meno yake ya juu, siku hiyo nikayaona.

Ningeishia hapo ningekuwa mkwe bora mkoa mzima. Shemeji mdogo akauliza, na huyu hapa ambaye hajamshika mtu, ameshika chungu tu? Nikasema sanaa ni kioo cha jamii, kila ukoo unaye mmoja wa hivyo, na naapa sikumtazama mtu yeyote lakini sebule nzima ikamtazama baba mdogo, ambaye alikuwa anajiongezea pilau. Vicheko. Nikalewa vile vicheko.

"Sasa," nikasema, "hatua ya 4. Kupima."

Nikawaambia habari za mpingo, kwamba mti wake unakua taratibu mno, kwamba Wazungu wanatengenezea klarineti na ndio huo huo unaoota hapa kwetu, kwamba mpingo halisi hauogopi maji, unazama. Nikasema kwa madaha shemeji hebu tuletee beseni. Mama mkwe, ambaye kwa heshima huwa haongei sana nikiwepo, akatoa sauti ndogo kule mlangoni: "Baba, si uache tu." Nikamwambia usiwe na wasiwasi mama, hiki kinakwenda chini moja kwa moja.

Beseni likaja, la bluu, la kufulia. Nikakiweka.

Kikaelea.

Hakikuelea kwa aibu aibu, kilielea kwa raha, kimelala chali, yule mzee aliyebeba nyumba nzima sasa amebebwa yeye, anazunguka polepole na watu wake wote kama wanavuka kwenda Kigamboni. Mtoto mmoja akapiga makofi. Nikakisukuma chini kwa kidole, kikazama, nikatoa kidole, kikarudi juu. Nikasema labda kina hewa. Mwalimu mstaafu akauliza hewa ya wapi, mti ni puto? Nikakitoa, nikakisugua na leso yangu nyeupe nikitafuta kuokoa jahazi, leso ikatoka nyeusi tii na sebule ikanuka kama asubuhi ya kwenda paredi. Juu ya maji kukabaki utando unang'aa kama mafuta ya supu.

Mi nikafanya nini? Nikamaliza hatua. Kumbe hata mtu akizama anaendelea kutembea. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu: "Kwa hiyo baba, kwa masikitiko, aliyekupa hiki alikudanganya. Huyu mtu hakukuheshimu."

Kimya. Feni tu inazunguka.

Mzee akatazama beseni, akanitazama mimi, akatazama beseni tena. Akasema polepole, kama anasoma ratiba ya treni: "Mkwe. Hicho si ndicho mlicholeta na barua ya posa?"

Yaani nilihisi masikio yanapata moto yote mawili. Ile laki moja na nusu! Mjomba alisema ni ya "kitu cha heshima cha mzee", nikampa bila kuuliza ni kitu gani, sikukiona, kilifungwa kwenye gazeti kikapanda basi. Na hawa watu miaka 6 wanakipangusa vumbi mbele yangu wakijua najua. Mama Ima alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni, mabega yanatikisika, nikadhani analia, alikuwa halii.

Mwalimu mstaafu akapata nafasi yake. "Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi," akasema, "basi hiki mmekinunua." Halafu kwa haki kabisa akakichukua, akakikausha na khanga, akakigeuzageuza. Akasema mchongaji msimlaumu, kisigino hiki hakichongwi na mtu mjinga, aliyekosea ni aliyepaka kiwi na aliyelipa. Nikashukuru kwa ile sentensi mpaka neno la mwisho.

Tukiwa njiani kurudi nikampigia mjomba. Akasikiliza yote, akauliza swali moja: "Kwani walikupa mke au hawakukupa?" Akakata.

Kinyago hakikutupwa. Kimerudi juu ya kabati, kimekwaruka sehemu niliyosugua, pale magotini kwa yule mzee mti umeonekana mweupe kama muhogo. Na baba mkwe amekuwa msemaji. Mgeni akifika, hata wa kuleta maji, anakalishwa: mzee anaeleza, anahesabu watu 14, anachanganua, anafasiri, anamwonyesha baba mdogo kwenye chungu, kisha ananyamaza kidogo, anakohoa, na kuita huku jikoni, "Haya, leteni beseni la mkwe."