Ukitaka kuwa mkaguzi wa nishati, anza na Jumapili

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili, na mita ya kiwanda ilisoma kilowati 30. Mashine za uzalishaji zilizimwa tangu Jumamosi jioni. Tuliokuwa ndani ni mimi, fundi wa umeme wa zamu, na askari wa getini. Nilimuuliza fundi ni nini kinachokula stima yote hiyo. Akanijibu, "Hapo sijui, bosi. Jumapili huwa hatuangalii."

Tukaifuata sauti. Kompresa, mashine ya kushindilia upepo wa kuendeshea mitambo, ilikuwa ikijaza tangi, inatulia kidogo, kisha inanguruma tena, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akitumia ule upepo. Tulikoroga sabuni kwenye ndoo ya maji, tukapaka kwenye viungio vya mabomba, na mapovu yakaanza kufura kila upepo ulipovuja: hapa, pale, nyuma ya mashine ya kufungashia, kwenye mpira uliofungwa kwa waya. Tulipomaliza hapo tukakuta taa za godauni zinawaka na viyoyozi vya ofisini vinapuliza viti vitupu. Kilowati 30 kwa saa 24 ni uniti 720. Zidisha kwa Jumapili 52 upate uniti 37,440 kwa mwaka, zimelipiwa bila kutengeneza hata katoni moja.

Kijana akinijia kuuliza ataingiaje katika kazi hii ya kutafuta mahali nishati inapopotea, kisa hicho ndicho ninachomwanzia. Wengi huwa wamekuja kuuliza cheti, na sisemi kwamba cheti si kitu. Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliweka sharti kwamba kila jengo au kiwanda kinachotumia uniti 180,000 kwa mwaka au zaidi kikaguliwe kila baada ya miaka mitatu, na anayekagua lazima awe na leseni, ambayo leo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Gawa hizo uniti kwa miezi 12, ni 15,000 kwa mwezi. Hoteli ya wastani inafika, hospitali inafika, ghala la baridi la maua linafika bila kutoka jasho. Kwa hiyo kazi ipo. Na wengi wetu tumefanya pia mtihani wa meneja wa nishati wa Association of Energy Engineers ya Marekani, na mafunzo yake yalinifaa.

Lakini msimamo wangu ni huu, na nimegombana na wenzangu juu yake: kabla ya kulipia mafunzo yoyote, tafuta miaka miwili kwenye idara ya matengenezo ya kiwanda, hata kwa mshahara mdogo. Shika grisi. Badilisha mkanda wa feni. Kesha na boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Darasani utafundishwa kwamba ukipunguza kasi ya feni kwa asilimia 20, nguvu inayohitaji inashuka hadi karibu nusu. Ni kweli, na ni mojawapo ya hesabu tamu kabisa katika kazi hii. Asichokuambia mwalimu ni kwamba katika kiwanda cha majani chai, feni za kukaushia majani mabichi ziko chini ya mtu ambaye ataulizwa yeye majani yakiharibika, na mtu huyo hatakuruhusu uguse kasi hadi akuamini.

Kuaminiwa kunaanza na kuuliza. Kuna mzee mmoja mwendesha boila, magharibi ya nchi, ambaye nilikaa naye karibu siku nzima nikisubiri vipimo vya moshi. Nilimuuliza, "Mzee, mvuke ukishapoa ukawa maji ya moto, maji hayo yanarudi boila?" Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jengo hadi kwenye mtaro uliokuwa ukifuka. "Pampu ya kuyarudisha ilikufa kabla mjukuu wangu hajazaliwa," akasema, "na sasa yuko gredi ya pili." Miaka yote hiyo maji yaliyokwisha kupashwa moto yalimwagwa, na kuni zikachomwa upya kupasha maji baridi. Hakuna kifaa kwenye mkoba wangu kilichonionyesha mtaro ule. Yule mzee alikuwa akingoja tu mtu wa kumuuliza.

Kuna jambo linaloniuma. Nilipokuwa mchanga nilifanya kazi na kampuni moja iliyokuwa ikinakili ripoti. Siku moja meneja wa kiwanda cha plastiki alitupigia simu akiuliza kwa nini ukurasa wa 14 unamshauri aboreshe vyumba vya baridi vya maua. Nilikuwa nimesaidia kuandaa ripoti ile, na niliona aibu ambayo mpaka leo sijaisahau. Sheria inamdai mwenye kiwanda atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa; sasa ataitekelezaje kama mapendekezo yenyewe si ya kiwanda chake? Basi ripoti inawekwa kwenye kabati, pampu haitengenezwi, na mti mwingine unakatwa. Ukianza kazi mahali wanaponakili, ondoka, hata kama kodi ya nyumba imekaribia.

Na usiuze taa wala mota unazopendekeza. Kaa upande wa mwenye bili.

Mwezi huu nina msichana aliyemaliza diploma ya umeme, ameomba kunifuata. Ana mita ya kubana waya ili kupima umeme unaopita, aliyonunua kwa akiba yake, na daftari ambalo tayari ameandika bili za miezi 12 za kiwanda tunachokwenda, mwezi kwa mwezi, kwa kalamu. Jumapili hii tunaingia saa mbili asubuhi. Nimemwambia avae viatu vya usalama na asisahau sabuni.