"Nzuri tu": chatiboti na kazi ya mdodosaji

Mteja akiulizwa anaionaje sabuni mpya, akajibu "nzuri tu", mdodosaji mzoefu hafungi swali hapo. Hiyo "tu" ina jambo nyuma yake. Atauliza: mara ya mwisho ulifulia nini, na maji ya wapi? Ndipo inatoka kwamba sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima. Chatiboti, yaani programu ya akili mnemba inayomhoji mteja badala ya mtu, isipoelekezwa huandika "ameridhika", ikaenda swali linalofuata.

Ila tusiionee. Gharama kubwa ya kutafiti mahitaji ya wateja mara nyingi huja baada ya kuuliza. Saa moja ya sauti humchukua mnukuzi saa nne au zaidi kuiandika, kisha kila jibu lisomwe na kuwekwa kwenye fungu lake. Mahojiano 40 yanakula wiki kadhaa. Programu huyamaliza kwa siku moja. Tena wapo watu ambao habari za madeni huiambia mashine kwa urahisi kuliko kumwambia binti aliyekaa mbele yao na kishikwambi.

Tatizo ni lugha. Mteja akisema hununua mafuta ya kula "saa mbili usiku", mfumo uliozoea Kiingereza unaweza kuandika saa nane ya usiku wa manane, na duka likapangiwa ratiba ya wachawi. Akisema hununua "ya kupima", chatiboti iliyoandaliwa kwa lita haina pa kumweka. "Inshallah nitanunua" huhesabiwa ndiyo, wakati mara nyingi ni hapana ya kistaarabu. Na mwenye simu ya kitochi, au aliyeishiwa bando, hayumo kabisa kwenye sampuli. Kibaya zaidi ni kuiomba akili mnemba ijifanye mteja na kujibu dodoso yenyewe: majibu yatakuwa laini, yanafanana, na hayatakutajia maji ya kisima.

Anayetumia chatiboti aanze na mahojiano 12 hadi 15 ya ana kwa ana, apate maneno ya wateja wenyewe, kisha ayaingize kwenye maelekezo ya chatiboti. Maswali yasizidi manane, moja moja, na kila moja liulize tukio la karibuni, si maoni. Ijaribiwe kwa watu 10 kabla ya kusambazwa. Baada ya hapo mtu asome nakala moja kati ya kila 10 akilinganisha na sauti. Makosa yakijirudia, fungu zima lipangwe upya. Ridhaa iombwe mwanzoni, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019.

Kwenye ajira, mfano unaotajwa sana unatoka huduma kwa wateja, jirani wa utafiti. Februari 2024 kampuni ya malipo ya Klarna ya Sweden ilitangaza kwamba msaidizi wake wa akili mnemba alishughulikia mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi mmoja, kazi ya watu 700. Mwaka 2025 mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba kubana gharama kumeshusha ubora, na kampuni ikarudi kuajiri watu.

Kwetu, wa kwanza kuguswa ni kibarua wa unukuzi na upangaji wa majibu, mara nyingi kijana aliyetoka chuo anayelipwa kwa faili. Kazi hiyo inachosha, lakini kwa kusikiliza faili 200 ndiko alikojifunza "nzuri tu" maana yake nini. Kazi inayobaki ni ukaguzi, nayo inahitaji sikio hilohilo. Kampuni zinazomlipa mkaguzi kwa idadi ya nakala zinajiponza: baada ya wiki moja anabonyeza "sahihi" bila kufungua sauti. Alipwe kwa siku, na apewe nakala chache zenye makosa yaliyopandikizwa kusudi, ionekane kama anayaona.