Ioni hasi na moshi wa Jogoo Road

Kuna makala niliyosoma yanayodai kwamba mashine ndogo ya ioni hasi (yaani chembe za hewa zenye chaji hasi ya umeme) ikiwekwa mezani huondoa sonona. Dai hilo lina chembe ya ukweli, ila limevutwa mno. Utafiti wa Michael Terman na Jiuan Su Terman wa New York, uliochapishwa mwaka 1995, ulihusu watu wanaoshikwa na sonona ya majira ya baridi, na waliopata nafuu ya maana ni waliopewa ioni kwa wingi mkubwa, si kidogo (nasi hapa Nairobi, Julai yetu ni mawingu tu).

Mimi naishi ghorofa ya pili kando ya Jogoo Road, na kila jioni nikipangusa kingo za dirisha, kitambaa hutoka cheusi kwa moshi wa matatu na malori. Chembe laini za moshi huo, ambazo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, hupenya mapafu hadi kwenye damu, na tafiti nyingi zimezihusisha na sonona. Tena baadhi ya mashine hizo za ioni hutoa ozoni, gesi inayowasha mapafu. Jirani yangu mwenye pumu aliizima yake baada ya wiki moja.