Msawazo si lazima uwe sawa

Neno "msawazo" limezaliwa na "sawa", na shida inaanzia hapo. Kwa Mswahili, sawa ni kulingana, lakini pia ni kuridhika: tumeelewana, sawa; bei hiyo, sawa. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba soko limefikia msawazo, au kwamba mbuga ina msawazo wa wanyama na majani, sikio lake limekwisha kumwambia kwamba mambo ni mazuri. Mwanafizikia hakusema hivyo. Alisema tu kwamba nguvu zinazovutana zimelingana.

Tazama jahazi. Likiwa tupu huyumba, ndiyo maana hutiwa farumi, mawe au mchanga, chini kabisa ngamani. Uzito ukikaa chini, upepo ukililaza chombo kinajiinua chenyewe. Sasa lisimamishe yai kwa ncha yake. Nalo limetulia, nguvu zake zimelingana vilevile, ila ukilipulizia tu linaanguka. Vyote viwili ni msawazo. Kutulia peke yake hakutuambii kitu kitafanya nini kikiguswa.

Kemia inaongeza jambo ambalo jicho halilioni. Nitrojeni na hidrojeni zikifungiwa pamoja kwenye joto kali penye kichocheo huungana kuwa amonia, na wakati huohuo amonia inavunjika kurudi ilikotoka. Kasi za kwenda na kurudi zikilingana, kiasi hakibadiliki tena, ingawa ndani hakuna kilichosimama. Mwanakemia Mfaransa Henry Le Chatelier alionyesha mwaka 1884 kwamba hali hiyo ikisumbuliwa huelekea upande wa kuupunguza usumbufu. Wanakemia Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch walilijua hilo. Kiwanda kilichoanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913 kilibana gesi hizo kwa shinikizo kubwa, kikawa kinaichota amonia kila inapotokea ili msawazo usipate kufika. Mbolea ya urea anayoinunua mkulima wa mahindi leo hutengenezwa kwa amonia inayopatikana kwa njia hiyohiyo. Mwili wetu nao unafanana na kiwanda hicho: unashikilia nyuzi joto 37 hivi kwa kula na kuchoma chakula bila kupumzika. Mwili uliolingana joto na chumba ulimolazwa ni maiti.

Wachumi ndio waliolikopa wazo hili kwa moyo wote. Mmarekani Irving Fisher, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale alikofundisha mwanafizikia Willard Gibbs, alieleza soko kwa mfano wa matangi ya maji yanayotafuta kimo kimoja. Wanaotetea mkopo huo wana hoja nzito: hesabu ni zilezile, iwe ni maji au bei, na bila hesabu hizo usingejua kodi mpya ya sukari itamwangukia nani. Nakubaliana nao. Lakini mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alionyesha mwaka 1936 kwamba uchumi unaweza kutulia huku umati wa watu hauna kazi. Mwanahisabati John Nash naye, mwaka 1950, aliueleza msawazo kuwa hali ambayo hakuna mmoja anayefaidika akibadili mwenendo peke yake. Anayejua foleni za Dar es Salaam anaielewa hiyo bila fomula. Madereva wote wakitanua, yaani wakipita pembeni nje ya mstari, anayebaki kwenye mstari wake anachelewa zaidi, basi kila mmoja anatanua na wote wanakwama. Huo ni msawazo kamili, na hakuna hata abiria mmoja anayeutaka.

Kwangu mimi mfano mkubwa zaidi uko Serengeti. Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe, ikaua nyumbu na nyati. Ng'ombe walio kando ya mbuga walipochanjwa, ugonjwa ulikatika hata kwa wanyamapori. Nyumbu walikuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa kuni za moto wa kiangazi, moto ukapungua, miti ikarudi.

Hapa wanaolitetea wazo la msawazo na wanaolishuku wote wana haki yao. Wazo la msawazo ndilo linaloeleza kilichotokea: kizuizi kimoja kiliondoka, idadi ikapanda hadi ilipokutana na kizuizi kingine, uhaba wa majani wakati wa ukame. Kama hesabu, limefanya kazi yake vizuri. Kama sifa, limepotosha. Aliyeitazama mbuga katika miaka ya 1950 angeapa kwamba anaona maumbile yakiwa katika hali yake ya asili, kumbe anaona mabaki ya tauni. Na miaka hiyohiyo ndipo yalipofanyika maamuzi makubwa. Mwaka 1959, kwa hoja za uhifadhi, Wamasai waliondoka Serengeti na mifugo yao, na Ngorongoro ikatengwa kwa utaratibu wake. Miaka michache baadaye sotoka ilitoweka kwa nyumbu, idadi yao ikaanza kupanda, na ile Serengeti iliyokuwa ikilindwa ikabadilika.