Waliofunga Duka Wateja Wakiwa Mlangoni

Kuna mchoro ambao kila mpenzi wa muziki wa panki ameuona. Umechorwa kwa mkono, ovyo ovyo: nyuzi za gitaa na sehemu za kuweka vidole, kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya A, ya E, ya G. Maneno yake ni machache. Hii kordi, hii nyingine, hii ya tatu, haya sasa undeni bendi. Na karibu kila anayeusambaza huandika kwamba umetoka kwenye jarida la Sniffin' Glue.

Haukutoka huko. Ulitoka Januari 1977 kwenye kijarida kingine cha mashabiki kilichoitwa Sideburns. Ila Sniffin' Glue limeshakuwa kama babu wa ukoo: neno zuri likikosa mwenyewe, anapewa yeye.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa dansi. Nimekua na magitaa ya rumba, na rock nilikutana nayo ukubwani, tena kwa kubishana na rafiki. Kilichonivuta hapa ni hilo jarida la Sniffin' Glue kuliko muziki wenyewe.

Ilikuwa Julai 1976. Mark Perry, kijana wa miaka 19, alikuwa karani wa benki, mkazi wa Deptford, kusini mashariki mwa London. Bendi ya panki ya Ramones ilikuwa imetoka New York kuja kupiga ukumbi wa Roundhouse tarehe 4, na kijana yule akachanganyikiwa. Akaenda kwenye kibanda cha santuri cha Rock On kuuliza kama kuna gazeti lolote linaloandika muziki wa namna ile. Wauzaji wakamtania: si utengeneze la kwako? Akaenda akatengeneza kweli, ndilo Sniffin' Glue. Alipiga chapa kwenye taipureta ya watoto, vichwa vya habari akaviandika kwa makapeni, na kopi za kwanza, kama 50 hivi, zikatolewa kwenye mashine ya ofisi aliyokuwa akifanya kazi mpenzi wake. Hapo huwa nacheka. Mapinduzi ya muziki wa Uingereza yalianza kwa karatasi za mwajiri.

Jina la jarida, kwa msomaji wa Nairobi au Dar, halichekeshi. "Kunusa gundi" linamkumbusha mtu watoto wa mitaani na vichupa vyao puani. Perry alilitoa kwenye wimbo wa Ramones, na nadhani hakuna aliyelifikiria mara mbili.

Ukilitazama jarida lenyewe utadhani ni mtihani wa majaribio uliodurufiwa usiku. Karatasi zimebanwa pini ya stepla kwenye kona. Neno likikosewa linakatwa hapo hapo, na sentensi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi watu wanausifu ubovu huo kama sanaa, na wasanifu wanauza herufi za kompyuta zilizochafuliwa makusudi ili zifanane nao. Mimi nakataa. Ule haukuwa mtindo. Zilikuwa haraka na ukata. Angekuwa na mashine nzuri angeitumia.

Alichokuwa nacho ni mahali pa kusimamia. Magazeti makubwa ya muziki, NME na Melody Maker, yalikuwa na ofisi, mishahara na wanamuziki waliozoeana nao miaka mingi. Perry alikuwa anasimama kwenye umati, jasho la mwenzake begani, kisha anarudi nyumbani kuandika. Akipenda anasema amependa, akichukia anatukana. Hakuwa wa kwanza, maana vijarida vya mashabiki vilikuwepo, na Marekani kijana wa miaka 17 aitwaye Paul Williams alishaanzisha Crawdaddy! tangu 1966. Ila Perry aliwafanya wasomaji waone kwamba kazi yenyewe si ya ajabu. Aliwaambia waziwazi wasiridhike na anayoandika yeye, waanzishe vyao. Na wengi wakaanzisha. Glasgow kukatokea Ripped & Torn. London, Shane MacGowan, ambaye baadaye angeimba na The Pogues, akatoa cha kwake.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kulisema. Sniffin' Glue lilitoa matoleo 12 tu, ukiacha kale kadogo walikokaita namba tatu na nusu, kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Kutoka kopi 50 lilifika maelfu. Wapo wanaotaja 15,000. Perry alikuwa ameshaacha benki. Mtu mwenye akili ya biashara angeanza kutafuta ofisi kubwa na meneja wa matangazo. Yeye akafunga.

Wapo wanaosema alifunga kwa msimamo. Bendi ya panki ya The Clash iliposaini na kampuni ya santuri ya CBS Januari 1977, Perry ndiye anayekumbukwa kwa kauli kwamba panki ilikufa siku ile. Lakini hesabu miezi: jarida liliendelea mpaka Agosti. Msimamo gani huo wa kusubiri nusu mwaka? Mimi naona jambo jepesi zaidi. Alikuwa ameshapata bendi yake, Alternative TV, na toleo la mwisho lilitoka na santuri nyembamba ya plastiki, ile inayokunjika kama karatasi, yenye wimbo wao. Karani aliyekuwa akiandika habari za wapigaji akawa mpigaji. Aliona kazi ya kwanza imeisha, akaiacha wakati watu bado wanaitaka. Sisi wengine tunaanzisha kitu, kinanoga, tunakikokota mpaka kinanuka.

Chuoni, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na kijarida cha dansi, kurasa nane. Toleo la kwanza tulilipia. La pili tulikopa. La tatu lilikuwa tayari mkononi tulipoingia kwa mama wa steshenari, naye akatutazama juu ya miwani bila kugusa mashine. "Wanangu," akasema, "leteni kwanza hela ya lile la juzi." Nakala mama ya toleo hilo ninayo mpaka leo, kwenye bahasha ya kaki. Wino wa makapeni umepenya kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa tatu.