Wagonjwa wa MS wa Magharibi mwa Kenya Nasi Tuhesabiwe

Ukitoka Kisumu kuelekea Busia, pale Maseno pana alama ya Ikweta ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Vitabu vya tiba husema kadiri watu wanavyoishi karibu na mstari huo, ndivyo ugonjwa wa neva uitwao MS (multiple sclerosis) unavyokuwa adimu. Ni kweli, lakini ugonjwa adimu nao una watu wake. Mimi ninao, na naishi Kisumu.

Kwa sababu ya uadimu huo, mtu wa huku akifa ganzi miguu au jicho likififia ghafla, hupimwa kwanza kiharusi, kifua kikuu cha uti wa mgongo, virusi vya Ukimwi. Nyumbani nako wazee wananong'ona kuhusu chira, laana ya kuvunja mila. Silaumu daktari anayeanza na kifua kikuu, maana hicho anakiona kila wiki. Lakini muda huo wote kinga ya mwili inaendelea kula ala inayofunika neva, na kilichopotea hakirudi chote. Daktari huyo anahitaji maandishi kuhusu wagonjwa kama sisi, na maandishi hayo hayawezi kuwepo tukikaa nje ya utafiti. Kwa miaka mingi majaribio makubwa ya dawa za MS yalijaa Wazungu wa Ulaya na Marekani. Ndiyo maana niliposikia kuhusu CHIMES nilifurahi mno: jaribio la dawa ya MS iitwayo okrelizumabu lililoanza mwaka 2020 kwa ajili ya watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na Kenya ilishirikishwa pamoja na Marekani.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza kundi la wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba hatari ya kupata MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe wa watoto wa Uganda, jirani zetu hapa. Huku kwetu karibu kila mtoto huvipata akiwa mchanga bado, na vikikutana na malaria ya mara kwa mara huweza kuleta saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Ng'ambo wengi hufika ujanani bila kuvipata, na wanaougua navyo katika umri huo ndio wenye hatari zaidi ya MS baadaye. Basi kwa nini virusi vilivyoenea hivi kwetu vinatuletea MS kwa nadra? Ni umri wa kuambukizwa? Ni jua? Ni malaria yenyewe kuifunza kinga kitu? Na sisi wachache tulioupata, tumetofautiana wapi na ndugu zetu? Maswali haya hayawezi kumalizwa na damu ya watu wa Boston peke yao. Damu yetu inatakiwa, na mimi niko tayari kutoa yangu.

Wapo watakaosema Mwafrika ametumiwa vya kutosha kama panya wa maabara. Hofu hiyo ina mizizi na naiheshimu. Lakini eneo hili si geni kwa utafiti. Watoto wa Siaya na Kombewa walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na wazazi wao walijifunza kuuliza maswali magumu. Utafiti nchini unahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake. Uliza karatasi hizo. Omba fomu ya ridhaa kwa Kiswahili au Dholuo, uende nayo nyumbani, uisome siku ambayo uchovu umekuachia nafasi.

Watafiti nao watujue. Joto huzidisha dalili zetu, kwa hiyo usinipangie miadi saa nane mchana mwezi wa Februari. Nauli ya Nairobi ihesabiwe ya watu wawili, yangu na ya ndugu anayenishika mkono. Niliwahi kujaza hojaji ndefu ya watafiti wa ng'ambo iliyouliza kama bado naendesha gari, isiulize kama naweza kupanda bodaboda wala kuchota maji.

Na liko jambo ambalo sitasaini bila kulielewa: dawa ikinifaa, nitaipata wapi utafiti ukifungwa? Dawa hizi ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi za huku. Jibu liandikwe ndani ya fomu yenyewe, pamoja na siku ambayo mtarudi Kisumu kutusomea matokeo.